Najisikia Vizuri Tu

Kaka yangu aliacha dawa za presha mwezi wa tatu tangu aandikiwe. Hakugombana na daktari, hakuishiwa hela, dawa hazikumdhuru. Aliziacha kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "najisikia vizuri tu." Karatasi za vidonge tulizikuta baadaye kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Tatu hazijaguswa. Ya nne imetobolewa vidonge viwili.

Ilikuwa alfajiri, hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba za Ngamiani. Shemeji alimsikia akiguna, akadhani anaota. Alipowasha taa akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala pajani kama mkono wa mtu mwingine. Akaita majirani. Wa kwanza akasema huo ni upepo. Wa pili akasema asitolewe nje mpaka jua lichomoze. Wa tatu akaja na chupa ya mafuta ya kuchua. Mimi nakaa Chumbageni, baiskeli dakika chache tu, lakini nilipigiwa simu saa 3 asubuhi kwa sababu "tuliona tusikusumbue." Nilipofika bado yuko sebuleni, anachuliwa mguu.

Simlaumu mtu. Nyumba ile ilijaa watu wanaompenda, na kila mmoja alileta alichonacho. Ila nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha lile donge, na dawa hiyo inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa ili ijulikane kwamba mshipa haukupasuka. Kwa hiyo ukiona uso umekwenda upande, mkono haunyanyuki, maneno yanamkwama mtu mdomoni, angalia saa, tafuta usafiri. Mafuta yatakuwepo hata wiki ijayo.

Hilo neno la kaka, "najisikia vizuri", limekaa kichwani mwangu toka siku ile. Kwetu hata salamu imejengwa juu yake. Muulize mtu aliyelazwa siku 9 na dripu mkononi: hali yako? Atakujibu nzuri. Kisha ndipo atakwambia, "ila tu hiki kifua." Nzuri inatangulia, ugonjwa unafuata nyuma kama mkia. Ni adabu nzuri sana kwa watu. Kwa mwili wako mwenyewe haifai kitu.

Presha haiumi. Watu wanasema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" na kila mmoja anaamini anaijua ikija: kichwa kinagonga, macho yanafanya ukungu, moyo unakwenda mbio. Wapo wanaopata hayo, kweli, lakini wengi hawapati chochote. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2021 kwamba watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ni kama bilioni 1.28, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanayo. Maana yake ni kwamba hivi sasa kuna mamia ya mamilioni ya watu wanaitikia "mzima wa afya" kwa moyo mweupe kabisa.

Nilikuwa mmoja wao. Nina miaka 58 sasa. Kwa miaka 18 niliendesha daladala Dar es Salaam, Mbagala hadi Kariakoo, kwanza Hiace, kisha basi la DCM. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Dereva wa daladala anastaafishwa na mgongo. Mgongo wangu ulinistaafisha mapema, nikarudi Tanga. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa kulikuwa na vijana wanapima presha bure kwenye kibaraza. Nikakaa kwa utani tu. Binti akaangalia mashine, akanifunga tena upya, akaangalia tena. 168 kwa 102. Nikamwambia nimetembea juani. Akaniambia, "Baba, umekaa kwenye foleni nusu saa."

Alinipeleka kwa muuguzi wao, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Akauliza natumia dawa gani. Nikasema situmii dawa. Akaniangalia juu ya miwani. "Hakuna kabisa?" Hakuna, nikamwambia, ila hizi za mgongo tu.

Hizi za mgongo zilikuwa diklofenaki. Nilianza kuzimeza nikiwa bado barabarani, kwa ushauri wa madereva wenzangu kijiweni, na nilipohamia Tanga nikapata duka la dawa ambapo muuzaji akiniona tu kona anaanza kukata karatasi. Sikuwahi kuulizwa swali wala sikuwahi kuuliza. Moja asubuhi na moja jioni, miaka nenda rudi. Na zilifanya kazi! Ndiyo ubaya wake. Zilinifanya nijisikie vizuri. Yule mama akanieleza kwamba jamii hiyo ya dawa za maumivu inaufanya mwili ushike chumvi na maji, inapandisha presha, na ukizimeza muda mrefu zinaumiza figo na tumbo. Hakunikaripia. Alichukua kalamu akaandika kwenye kadi yangu, kwenye mstari wa dawa, neno DIKLOFENAKI kwa herufi kubwa, kisha akapiga mstari chini yake mara mbili.

Nimezungumza na wazee wengi tangu hapo, na nadhani kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa watu wa rika langu, lingekuwa hilo. Acha kwanza habari za mbegu za maboga na mlonge. Chukua mfuko wako wa dawa, mwage wote mezani, na vile vya maumivu unavyoviita "vya kawaida" uvihesabu kuwa ni dawa. Kisha upeleke mfuko mzima kwa mtu aliyesomea.

Nilipoacha diklofenaki presha ilishuka kidogo, lakini haikufika ilikotakiwa, chini ya 140 kwa 90. Nikaandikiwa amlodipini. Baada ya wiki chache vifundo vya miguu vikaanza kuvimba. Ikifika jioni viatu vinabana, soksi inaacha alama kama ya kamba. Hapo nilimwelewa kaka vizuri zaidi kuliko siku yoyote. Dawa niliyopewa nikiwa sina maumivu ndiyo iliyoniletea cha kulalamikia. Mkono ulishaanza kusogea kwenye kabati la vyombo. Kilichoniokoa ni kwamba shemeji yangu alikuwa anapita na kaka anamshika bega, wakitoka kufanya mazoezi ya kutembea. Nikarudi kwa daktari nikamwonyesha miguu. Alisema ni jambo linalojulikana kwa dawa ile, akapunguza dozi na kuongeza kidonge kingine. Mazungumzo hayo yalichukua dakika 10.

Sasa chumvi, maana hiyo ilileta ugomvi nyumbani.

Mama watoto ni mtu wa Pangani. Kwake yeye wali wa nazi usio na ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, pembeni ni wali wa hospitali. Akaunga, akapika, akaonja, akaongeza. Na mezani kuna kichupa cha chumvi kwa ajili ya asiyetosheka. Nilipomwambia nimekatazwa chumvi aliniuliza nani kamtukana mapishi yake. Basi tukaacha kubishana, tukafanya hesabu. Tulifungua pakiti mpya ya nusu kilo, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisicho na kichuguu. Sisi tuko wanne. Gramu 20 kwa siku, maana yake pakiti ya gramu 500 idumu angalau siku 25, na hapo hujahesabu chumvi iliyomo ndani ya mkate, ng'onda, papa na ule mchuzi wa pakiti.

Ilidumu siku 12.

Mama watoto aliishika ile pakiti tupu, akasoma tarehe, akasoma kalenda ya ukutani, hakusema kitu. Kesho yake kichupa cha mezani hakikuwepo. Mpaka leo sijakiona na sijauliza. Ng'onda sasa analala ndani ya maji usiku kucha, maji yanamwagwa, anaoshwa tena ndipo anakaangwa. Ndimu, tangawizi, ukwaju, pilipili mbuzi na embe bichi vimepandishwa cheo. Wiki za kwanza chakula kilikuwa kama kimepikwa na mtu mwenye hasira. Baadaye ulimi ukazoea, na safari moja tulipokula mgahawani mama watoto mwenyewe ndiye aliyesukuma sahani na kusema, "Hawa wametia bahari." Tarehe bado tunaandika. Pakiti ya mwisho ilifika siku 27.

Mtakaojaribu hili, msiishie kwenye chumvi ya jikoni. Na yule anayeuza chumvi isiyo chumvi, ile yenye potasiamu, kabla hujainunua muulize daktari wako hali ya figo zako, kwani figo ikiwa mbovu potasiamu inaweza kuwa hatari.

Sukari nitaisema kwa sentensi moja: soda ya chupa ina vijiko karibu 8 vya chai vya sukari, na dereva wa njia ya Mbagala mchana wa jua kali anaweza kunywa tatu bila kujua. Sigara niliacha 2009. Ilinichukua mara nne kuacha, na sina ujanja wa kumfundisha mtu zaidi ya kumwambia kwamba ya tano nayo ingehesabika.

Kuna habari ya madereva ambayo nilipoisoma nilicheka peke yangu. Zamani, baada ya vita kuu ya pili, daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo unaongezeka. Akawachukua wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda: basi lilelile, mtaa uleule, mshahara haupishani sana. Tofauti ni kwamba dereva amekaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, ngazi 500 mpaka 750 kwa siku. Matokeo yakatoka mwaka 1953: madereva waliugua moyo zaidi ya makonda, na ukiwajia uliwaua zaidi. Morris hakuridhika. Labda watu wanene ndio wanaopenda udereva toka mwanzo? Basi wakaenda kupekua vipimo vya sare, viuno vya suruali! Ni kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, hata waliokuwa vijana. Lakini hata ukilinganisha dereva mwembamba na konda mwembamba, mnene na mnene, konda bado alikuwa na nafuu. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Nikampigia simu konda wangu wa zamani kumpa habari hizo. Tulifanya kazi pamoja miaka 11. Mimi nikiwa nimekaa nabishana na trafiki na hesabu ya tajiri, yeye ananing'inia mlangoni, anaruka, anakimbia nusu kituo, anapiga bodi, anadandia tena. Ulikuwa ukimwita mwembamba anakasirika. "Kwa hiyo suka," akaniambia, maana ndivyo makonda wanavyomwita dereva, "nilikuwa nalipwa kidogo kumbe nalipwa uhai." Tukacheka. Kisha akaniambia kwamba siku hizi hana tena habari za mlangoni. Amenunua bajaji. Anakaa kuanzia saa 12 asubuhi.

Mimi udereva ulininyang'anya nguvu za makalio, nyonga na magoti, na nilikuja kujua siku ya msiba. Tulikaa kwenye jamvi tangu saa 4 hadi mazishi. Imamu aliposema tuinuke, watu wakainuka, mimi nikabaki. Miguu haikufa ganzi, hapana; haikuwa na nguvu tu. Nilijaribu kushika ukuta, ukuta uko mbali. Kijana mmoja, mtoto wa jirani, akanipa mkono bila kuniangalia usoni, kama ambavyo mtu hufunga zipu ya mwenzake hadharani. Nilimshukuru kwa mkono na kwa kule kutoniangalia.

Misuli huanza kupungua taratibu toka umri wa miaka 30 na kitu, na ukivuka 60 mwendo unaongezeka. Hilo la Mungu. Lakini nilipokaa na kufikiri niliona kazi hiyo ya kupunguza misuli tumeisaidia wenyewe. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alikuna nazi amekaa juu ya mbuzi, magoti karibu na mabega, akainuka na bakuli mkononi. Aliosha vyombo amechuchumaa, alichambua mchele juu ya mkeka, na choo kilikuwa cha shimo. Sijui alichuchumaa na kuinuka mara ngapi kwa siku. Mimi leo nina sofa la kunimeza, choo cha kukaa, nazi inasagwa kwa umeme, na msikitini naona kila mwaka viti vya plastiki vinaongezeka safu ya nyuma. Mwenye goti bovu ana haki yake ya kiti, dini yenyewe imempa. Wengine tumevisogelea viti mapema mno.

Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi walipimwa na watafiti kwa vifaa vya kufungwa pajani, na mwaka 2020 majibu yakachapishwa. Watu wanadhani mwindaji hakai. Anakaa sana! Walikuta wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa maofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni kuchuchumaa na kupiga magoti, na katika mikao hiyo misuli ya miguu haijalala, inafanya kazi kidogokidogo. Mioyo yao iko salama kuliko yetu, ingawa hawana kiti cha kuegemea hata kimoja.

Kwa hiyo nyumbani nimerudisha mkeka. Chai ya asubuhi nainywa chini. Birika likiwa jikoni, nasimama na kukaa kwenye kiti cha jikoni mara 10 bila kushika kitu, mikono nimeikunja kifuani. Mwanzo nilikuwa nafika 4. Halafu nasimama kwa mguu mmoja nikiwa karibu na meza, mjukuu ananihesabia na kunidhulumu. Na nimerudi kwenye baiskeli, kwani Tanga bila baiskeli ni mji gani? Barabara zimenyooka, vilima hakuna, naondoka baada ya alfajiri hadi Raskazone, naangalia bahari kidogo, narudi. Siku tano kwa wiki dakika 30, hizo ni 150, ndicho kiwango cha chini linachotaka Shirika la Afya Duniani. Siku ya upepo wa kusi nateremka nasukuma, na hiyo pia naihesabu.

Bafuni nilibadilisha mambo mawili: nilitupa kandambili zilizoisha soli, na nikaweka taa ya kuwasha bila kutembea gizani. Fundi alipendekeza tailsi zinazong'aa. Nikamwambia aziweke kwao.

Kaka amepata nafuu. Anatembea na mkongojo, mkono wa kulia unafungua nusu, na maneno yanakuja ila moja moja, kama abiria wa usiku. Kila asubuhi nikirudi Raskazone napitia kwake na mashine ya presha kwenye kikapu cha baiskeli. Tunakaa kimya dakika 5, dawa ameshameza mbele ya shemeji. Nampima mkono wa kushoto, ule mzima. Neno lake siku hizi ni moja tu: "Ngapi?" Nikimtajia, shemeji anaandika kwenye daftari la mistari, juu na chini, na saa.

Wiki iliyopita konda alinipigia. Hakuanza na salamu ndefu.

"Suka, ile mashine yako bei gani?"

"Nilinunua 65,000. Kulikoni?"

"Hamna. Najisikia vizuri tu. Nilipima duka la dawa, nimeona namba sijaipenda."

"Ngapi?"

"150 na ngapi sijui. Lakini nilikuwa nimepanda miguu, naongea na simu na abiria ananiita."

Nikamwambia basi hiyo haikuwa presha, ilikuwa daladala. Nikamwelekeza: asinywe kahawa wala kuvuta nusu saa kabla, aende haja ndogo kwanza, akae kimya dakika 5 ameegemea, miguu yote miwili chini, kitambaa kifungwe kwenye mkono mtupu na si juu ya shati, mkono ulale mezani usawa wa moyo, asiongee. Apime mara mbili, aache dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, aandike zote hata zile asizozipenda, kisha aende nazo hospitali.

"Asiongee," akarudia. "Konda asiongee dakika 5."

Nimemnunulia nyingine. Nimeitia kwenye boksi la sabuni, imepanda basi la saa 12 leo asubuhi, ataipokea stendi ya Magufuli, kule Dar.